Kabla ya Kulipa Arubuni: Nasaha kwa Familia Inayotaka Kusafiri kwa Meli ya Kitalii

Watu wa mwambao si wageni wa bahari. Kwa karne nyingi majahazi yaliteremka na kaskazi kutoka Oman na Ghuba hadi Bandari ya Kale ya Mombasa, kisha yakarejea na kusi. Siku hizi miezi ya kaskazi, pamoja na ile inayoitangulia na kuifuata, ndiyo msimu wa meli kubwa za kitalii zinazozunguka Dubai, Abu Dhabi, Doha na Muscat, aghalabu kwa usiku 7. Matangazo ya safari hizo yatufikia kwenye simu, na bei zake huonekana nyepesi kuliko bei ya hoteli nzuri.

Kustarehe na jamaa kwa njia ya halali ni jambo jema. Lakini familia nyingi hupoteza fedha zao nchi kavu, kabla hata ya kuiona meli, kwa kutanguliza malipo na kuchelewesha maswali. Makala haya yanapanga maswali hayo kwa utaratibu unaofaa kufuatwa.

Dhima kwanza

Swali la kwanza ni la nyumbani. Je, kuna deni lililofikia wakati wake? Karo ya muhula ujao imetengwa? Na mwenye uwezo ambaye bado hajahiji ajiulize ni safari ipi inayostahili kutangulia. Haifai pia kukopa kwa riba kwa ajili ya starehe. Kampuni nyingi hupokea arubuni sasa na salio baadaye, hivyo familia inaweza kuweka akiba kidogo kidogo na kulipa bila ya kuingia katika mkopo.

Swali la pili ni la wakati. Likizo ya shule ya Desemba huangukia ndani ya msimu wa Ghuba, lakini wiki mbili za mwisho wa mwaka ndizo ghali kuliko zote. Wiki za mwanzo wa Desemba huwa nafuu zaidi. Tazameni kalenda ya Hijria vilevile: miaka hii Ramadhani huingia kati ya Januari na Machi, katikati ya msimu wenyewe.

Pasi na viza

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mwenye pasi ya Kenya. Matangazo mengi huandikwa kwa ajili ya wasafiri wa nchi ambazo raia wake huingia bandari hizo bila ya viza. Sisi twahitaji viza ya Falme za Kiarabu. Tena meli ikitoka Dubai, ikapita Muscat au Doha, kisha ikarudi Dubai, abiria huhesabiwa kuwa ametoka nchini na kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja huenda isitoshe, na safari ya namna hii kwa kawaida huhitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Wala msidhani kwamba asiyeshuka bandarini haulizwi viza. Kampuni inaweza kuitaka kwa kila nchi iliyo katika njia. Abiria asiyekuwa na karatasi kamili huzuiwa kupanda, na fedha zake hazirudishwi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtakeni wakala au kampuni awaandikie viza zinazohitajika kwa kila pasi ya kila mtu, kisha hakikisheni na ubalozi unaohusika. Pasi iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi baada ya siku ya kurejea. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja achukuliwe barua ya ridhaa ya mzazi wa pili pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Oman, kama nchi nyingine kadhaa, hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Chanjo ipigwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Aliyekwisha kuchanjwa hahitaji kurudia, kwani tangu 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa umri wote wa mwenyewe.

Bei ya tangazo na bei ya kweli

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Bei inayotangazwa huwa ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Tuseme ni dola 500. Mume na mke ni dola 1,000. Ongezeni kodi za bandari, tuseme dola 100 kwa kila mmoja: 200. Ongezeni bahashishi ya wahudumu, inayotozwa kila usiku kwa kila mtu, tuseme dola 12: kwa watu wawili na usiku 7 ni 168. Jumla imekuwa dola 1,368, zaidi ya theluthi juu ya bei ya kwanza, na bado hamjahesabu nauli ya ndege, viza, bima, usiku mmoja wa hoteli na matembezi ya bandarini.

Anayelala peke yake aghalabu hutozwa karibu bei ya watu wawili. Ikiwa bibi yumo katika msafara, ni heri alale chumba kimoja na mjukuu wake wa kike. Melini hakuna fedha taslimu: kila kitu huandikwa kwenye hesabu ya chumba, kwa hiyo ombeni hesabu za watoto zifungiwe manunuzi. Kifurushi cha vinywaji kinachonadiwa sana huwa kimechanganywa na pombe. Ulizeni kile cha maji, juisi na soda peke yake.

Wakala na mkataba

Mawakala wa usafiri nchini Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ombeni kuiona leseni ya mwaka huu. Lipeni kwa akaunti ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, na mkipewa nambari ya nafasi yenu ihakikisheni moja kwa moja na kampuni ya meli.

Katika mkataba someni mambo matatu. La kwanza, iwapo arubuni hurudishwa. La pili, siku ya kulipa salio, ambayo mara nyingi ni kati ya siku 60 na 90 kabla ya safari. Kuanzia hapo anayeahirisha hurudishiwa kidogo zaidi kadiri siku zinavyosogea, mpaka hapati kitu. La tatu, haki ya kampuni ya kubadilisha njia. Haki hiyo hutumika kweli: mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Sham yalipoanza Novemba 2023, kampuni kadhaa zilibadili njia zao na nyingine zikafuta safari. Ndiyo maana bima, ya takaful ikipatikana, ni sehemu ya bei. Iwe yenye kugharamia matibabu na kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali ya nchi kavu, kwani daktari wa melini hutoza kwa dola.

Chumba

Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho rahisi. Kisha huja chenye dirisha, na kisha chenye roshani. Msinunue kwa picha. Chumba cha ndani aghalabu huwa na mita za mraba kama 15, na watu wanne humo hulala kwa vitanda vya kuning'inia. Mwenye kusumbuliwa na kichefuchefu cha bahari achague sitaha ya chini, katikati ya meli, mbali na omo na tezi, maana hapo mtikisiko ni mdogo. Mama mjamzito aulize mapema: kampuni nyingi hazimpokei aliyefikia wiki ya 24 kabla ya safari kwisha. Watoto wachanga kwa kawaida hawapokelewi kabla ya miezi 6.

Sala, chakula na staha

Msitarajie msikiti melini. Msafiri ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya sala, na Ijumaa haimlazimu. Muulizeni imamu wenu masharti yake kabla ya kuondoka. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, lakini ukiwa Dubai kibla ni magharibi, kikiegemea kusini kidogo, na meli hugeuka. Dira ya simu huvurugwa na chuma cha meli, hivyo linganisheni jua na ramani ya mwendo inayoonyeshwa katika televisheni ya chumbani. Angalieni saa pia: Doha ina saa moja na Nairobi, ilhali Dubai na Muscat zimetangulia kwa saa moja. Chukueni mkeka mwepesi na kopo la kutawadhia, kwa kuwa vyoo vya melini aghalabu havina bomba la maji.

Kuhusu nyama, ulizeni kwa maandishi iwapo ni halali na imethibitishwa na nani. Jawabu likiwa na utata, samaki, mayai na mboga zinatosha kwa wiki moja. Kasino na kumbi za ulevi zimo karibu katika kila meli. Watoto waambiwe mapema mipaka ya familia. Wanawake waulize kanuni za mavazi ya kuogelea kabla ya kununua.

Siku ya kupanda

Fikeni mjini siku moja kabla, kwa maana lango hufungwa mapema na meli haimngoji aliyecheleweshwa na ndege. Msidharau zoezi la dharura. Costa Concordia ilipopinduka katika kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliopanda siku ileile walikuwa hawajafanyishwa zoezi. Tangu hapo kanuni zataka zoezi lifanywe kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake. Kila mtoto ajue mahali pa kukusanyika na jaketi lake la kuokolea lilipo.

Basi kaeni pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, muyaandike majibu ya maswali haya katika karatasi moja. Swali lolote likikosa jawabu, arubuni ibaki mfukoni mpaka lipatikane. Mwenyezi Mungu awajaalie safari ya salama na marejeo mema.