Weusi wa Miwani Si Kinga

Keroka ni mji uliokalia mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, na kwenye steji zake za bodaboda miwani ya jua husifiwa kwa weusi. Ikificha macho kabisa, hiyo ndiyo kali. Lakini kwa mtu anayeshinda barabarani kutwa, weusi ndio kigezo cha mwisho cha kuzingatia.

Miale inayodhuru jicho zaidi haionekani. Ni ya urujuanimno, yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 400. Rangi ya lenzi hupunguza mwanga tunaouona tu. Urujuanimno huzuiwa na malighafi ya lenzi au kemikali iliyotiwa ndani yake. Plastiki ya polikaboneti, hata ikiwa haina rangi kama maji, humeza karibu miale yote hiyo, ilhali lenzi nyeusi tititi iliyotengenezwa ovyo inaweza kuipitisha. Tena nyuma ya lenzi hiyo mboni hutanuka kutafuta mwanga, na mlango ukawa wazi zaidi.

Nyanda za Gusii zina jua la ujanja. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, pungufu ya digrii moja kusini mwa ikweta. Kila mita 1,000 unazopanda, urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi ya asubuhi katika mji wa huko wa Nyansiongo humfanya mtu adhani jua halina makali, na wingu jembamba humhadaa zaidi, kwa kuwa hupoza ngozi lakini hupitisha sehemu kubwa ya miale.

Watazame macho waendeshaji wa miaka mingi. Wengine wana kinyama chekundu kilichoota upande wa pua, kikitambaa kuelekea mboni. Jua, vumbi na upepo vyote hutajwa kuwa visababishi. Kwa nini upande wa pua? Mwanga unaoingia kutoka ubavuni hupindwa na konea, utando angavu wa mbele ya jicho, na kukusanywa hapo hapo. Basi miwani yenye fremu nyembamba, iliyo wazi pembeni, inalinda nusunusu. Tafuta inayokumbatia uso hadi karibu na sikio.

Kuna kipimo kilicho karibu. Maduka mengi yana taa ya kukagua noti bandia, na taa hiyo hutoa urujuanimno. Weka noti ya shilingi 1,000 chini yake, uone alama zinavyong'aa. Kisha ingiza lenzi kati ya taa na noti. Alama zikizimika, lenzi inazuia miale ya taa ile. Zikiendelea kung'aa, rudisha miwani. Mwenye duka atakutazama kwa shaka, mwache. Ila usichungulie taa yenyewe. Halafu isogeze lenzi mbele ya fremu ya mlango: ukitazama kupitia kwayo na mstari wa fremu ukapinda, kichwa kitakuuma kabla hujafika mji wa Ogembo.

Jua si adui pekee. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mdudu akikupiga jichoni, sekunde mbili za kufumba macho ni zaidi ya mita 30 bila kuona njia. Kwenye barabara ya murram, lori lililotangulia hurusha changarawe, na lenzi ya kioo cha kawaida ikipasuka vipande vyake ni wembe. Polikaboneti haivunjiki kirahisi. Ndiyo inayotumika kutengenezea kioo cha helmeti nyingi. Kioo hicho kikiwa kizima na bila mikwaruzo, kishushe, kwa kuwa hukinga uso wote.

Jioni, anayetoka Keroka kwenda Kisii hulikabili jua linalozama, kisha giza la ikweta huingia ghafla. Hapo miwani nyeusi huwa hatari. Viwango vya kimataifa hugawa lenzi kuanzia daraja 0 hadi 4, na daraja 4, inayopitisha chini ya asilimia 8 ya mwanga, haifai kabisa kuendeshea chombo. Hata ile ya daraja 3, nzuri saa sita mchana, ivuliwe jua likizama.

Mwenye pesa ya miwani moja tu anunue ya polikaboneti isiyo na rangi, inayokumbatia uso. Itamfaa mchana, mvuani na usiku.