Fahamu: Nottingham Panthers, klabu ya hoki ya barafuni iliyoinuka baada ya msiba

Mwezi Aprili 2025, Nottingham Panthers waliposhinda Cardiff Devils na kutwaa ubingwa wa mchujo wa Ligi Kuu ya hoki ya barafuni Uingereza, ushindi huo ulizidi thamani ya kombe lenyewe, nasi twaeleza sababu.

Mchezo huu huchezwaje?
Ni watu 6 kila upande, mlinda lango akiwamo, wateletezao juu ya barafu kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo, kwa vipindi 3 vya dakika 20. Klabu 10 hushindana msimu mzima, na 8 za juu huingia katika mchujo.

Msiba ulikuwa upi?
Tarehe 28 Oktoba 2023, mchezaji wao Adam Johnson, Mmarekani wa miaka 29, alikatwa shingoni na makali ya kiatu katika mechi mjini Sheffield, akafariki dunia. Jezi yake nambari 47 ikastaafishwa, na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo likafaradhisha kinga ya shingo katika mashindano yake.

Ushindi una maana gani?
Panthers hawakuwa wametwaa ubingwa huo tangu 2016. Klabu hii, iliyopata kufungwa mwaka 1960 ikafufuliwa 1980, imethibitisha tena ustahimilivu wake. Walakini, kinga ile ya shingo, kwa maoni yetu, yastahiki kukumbukwa zaidi ya kombe.