Shamba Ndani ya Gunia

Siku hizi watu wengi husifu kupanda viazi ndani ya magunia. Hakika ni jambo jema kwa jamaa za mjini zenye ua mdogo, ambazo hununua chakula kila jioni kwa fedha kidogo iliyopatikana mchana. Lakini sisi wa Kindu yafaa tuulize kwanza: viazi gani? Mama akitoa fedha ya sabuni na ya daftari za watoto ili anunue mbegu isiyozaa, hasara huingia chunguni.

Viazi vya Ulaya asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, navyo hupenda ubaridi. Joto la usiku likipita digrii 20, mmea huota majani mazuri, lakini chini viazi havijai. Ndiyo sababu vyastawi katika milima ya Masisi na Lubero, wala si kwetu kando ya Lualaba, mahali palipo mita 500 hivi tu juu ya bahari. Gunia halibadili hewa.

Basi, tusilitupe gunia; tubadili mbegu. Viazi vitamu huzoea joto letu, na majani yake, matembele, ni mboga tunayoijua sote. Vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Kwa kazi hiyo Bwana Robert Mwanga wa Uganda na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016.

Kazi yenyewe ni hii. Twaa gunia la mchele au la unga, lisilobeba saruji wala dawa ya wadudu. Changanya udongo sehemu mbili na mbolea iliyooza sehemu moja. Ukizidisha mbolea, utavuna majani matupu. Simamisha katikati kopo lisilo na kitako, ulijaze vijiwe, uzungushe udongo, kisha ulivute juu na kujaza tena. Vijiwe hivyo vitapitisha maji hadi chini. Hivyo ndivyo watu wa Kibera, Nairobi, walivyopanda sukuma wiki katika magunia tangu mwaka 2008, wakisaidiwa na shirika la Solidarités.

Juu panda vipande vitatu vya marando, kila kimoja urefu wa sentimeta 30, ukifukia theluthi mbili. Mwagilia hasa wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Baada ya miezi minne hivi, papasa udongo uone.

Yafaa kuwa na magunia mawili: la viazi na la matembele. Majani ndiyo yanayolisha mizizi. Anayeyachuma kila siku hujinyima viazi. Matembele yapikwe kwa mawese mekundu, ambayo nayo yana vitamini ile ile.

Gunia moja halishibishi nyumba, lakini hupunguza safari za sokoni. Wenyeji husema, mchagua jembe si mkulima. Mtakatifu Isidoro, ambaye sikukuu yake ni Mei 15, alilima mashamba ya mwingine karibu na Madrid, akatangazwa mtakatifu mwaka 1622. Nanyi watoto wa shule, ombeni marando kwa jirani: kwa kawaida hayauzwi ghali, na mara nyingi hutolewa bure.