Bei iliyolala si bei tulivu

Mvuvi wa Dunga, Kisumu, hasukumi mtumbwi kabla ya kukumbuka upepo wa jana ulivyokuwa. Mwaka 1982 Robert Engle aliweka wazo la aina hiyo katika hesabu, na mwaka 2003 likampa Nobel ya uchumi: misukosuko ya bei huja kwa makundi, siku chafu huvuta nyingine.

Benki ya J.P. Morgan ilitoa kanuni nyepesi ya kupima hali hiyo, RiskMetrics, mwaka 1994. Hata mweka hazina wa chama pale soko la Kibuye anaweza kuipiga kwa simu. Chukua hisa za shilingi 500,000 ambazo bei yake hutikisika kwa asilimia 2 kwa siku. Zidisha asilimia 2 hiyo ya thamani kwa 1.65: katika siku 20, siku 19 hasara haitarajiwi kupita shilingi 16,500. Leo bei hiyo ikidondoka asilimia 5, kanuni hupima kwa vipeo vya pili, makadirio ya zamani yakibeba asilimia 94 na kishindo cha leo asilimia 6. Mtikisiko unafika asilimia 2.3, na kwa hisa ambazo sasa ni za shilingi 475,000, kizingiti cha kesho kinapanda hadi karibu shilingi 18,000.

Ile siku ya 20 je? Hapo kanuni inanyamaza. Haisemi utapoteza kiasi gani ukishavuka kizingiti.

Tena inadanganyika na ukimya. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2020, zikarudi Januari 2025. Muda wote huo bei ilibaki shilingi 3.83. Ukiilisha modeli namba hizo itakuambia hatari ni sufuri, ilhali mwenye hisa hakuweza kuuza hata moja. Kwa hisa zinazouzwa kwa nadra, mimi nisingeamini modeli yoyote.

Kisumu ina hatari yake ya ziada, isiyoonekana kwenye bei za hisa. Minofu ya mbuta, samaki wa Ziwa Victoria, huuzwa nje kwa fedha za kigeni, lakini mishahara na umeme hulipwa kwa shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali ikapata Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, shilingi ikapanda, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Shehena ya dola 1,000 ikapungukiwa na takriban shilingi 29,000, samaki ni yule yule. Mfanyabiashara wa minofu mwenye hisa kadhaa Nairobi angeonyeshwa na dalali kapu lililotawanywa vizuri. Hesabu ya dalali haina safu ya mbuta.