Diploma iko mkononi, lakini kazi inaanzia wapi?



Tunapotembelea kambi za wahamaji na familia zilizowapokea hapa Kalemie, wazazi wengi hutuuliza swali moja hata kabla ya kuuliza habari za unga na mahema. Wanatuonyesha kijana wao na kusema: "Huyu alimaliza chuo kikuu. Mbona hapati kazi?" Kijana mwenyewe amesimama pembeni, ameshika bahasha ya plastiki ambamo diploma imefungwa mara tatu ili isilowe. Siku ya kukimbia familia iliacha mbuzi, cherehani na milango ya nyumba, lakini bahasha ile ilitoka pamoja nao.

Katika toleo hili tunaeleza njia moja inayoweza kumsaidia kijana wa namna hiyo: programu za mafunzo ya kazi kwa waliomaliza masomo, ambamo kijana anafanya kazi ya kweli huku akisindikizwa na mtu mwenye uzoefu. Tutaeleza pia kwa nini namna ya kuwachagua vijana hao inaweza kujenga amani au kuibomoa. Hilo linawahusu hasa mashefu wa mitaa, viongozi wa kambi na wajumbe wa baraza.

Mlango uliokuwepo zamani

Wazee wa mji huu wanakumbuka wakati ambapo mtoto wa Kalemie alijua mlango wa kubisha. Kulikuwa na reli, bandari, na kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Kijana aliingia akiwa hajui kitu, akawekwa chini ya fundi mzee, akabeba vyombo vyake, akakaripiwa, na baada ya miaka kadhaa naye akaitwa fundi. Filtisaf ilisimama miaka ya 1990, na reli na bandari haziajiri tena kama zamani.

Halafu vikaja vita kati ya Watwa na Waluba, vilivyoanza mwaka 2013 na kuwaka zaidi mwaka 2016. Watu zaidi ya 500,000 walihama makwao katika jimbo letu, na mashirika ya misaada yakafika kwa wingi. Kwa vijana waliosoma, mashirika ndiyo yakawa mlango mpya. Nao umekuwa ukifungwa kidogo kidogo. MONUSCO iliondoka Tanganyika mwezi wa Juni 2022. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kwa kuwa sehemu kubwa ya misaada ya dharura katika nchi yetu ilitoka huko, miradi mingi ilifungwa na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Mwaka huohuo, baada ya miji ya Goma na Bukavu kutekwa, familia nyingine zilifika Kalemie kutoka Kivu, nazo zikiwa na watoto waliosoma.

Kwa hiyo leo kijana aliyemaliza licence anagombea nafasi moja na mtu aliyefanya kazi miaka kumi. Tangazo linadai uzoefu wa miaka mitatu. Ataupata wapi, ikiwa kila mlango anaobisha unamtaka awe nao tayari?

Kusindikizwa maana yake nini

Wengi wetu tulifanya staji mwaka wa mwisho wa chuo. Tuseme ukweli: mara nyingi staji ni wiki chache za kubeba mafaili, kupiga fotokopi na kungoja sahihi ya mkubwa. Programu ya mafunzo ya kazi ni kitu kingine. Inachukua muda wa kutosha, kijana anapewa kazi ambayo asipoifanya itaonekana, na kuna mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye ni mlezi wake.

Majirani zetu wamelifanya jambo hili kuwa mpango wa serikali. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, ofisi ya serikali ya huduma za ajira (TaESA) huwapeleka wahitimu katika ofisi na makampuni kwa miezi 6 hadi 12 ili wapate uzoefu. Kenya ilianzisha mwaka 2019 programu ya wahitimu katika utumishi wa umma, ya miezi 12, na kijana hupewa posho kila mwezi. Hapa kwetu kazi hii hufanywa zaidi na mashirika, kila moja kwa namna yake.

Katika shirika letu tunaanza hivi. Mwezi wa kwanza kijana haketi mbele ya kompyuta. Anafuatana na afisa mwenye uzoefu katika mikutano ya baraza na kwenye visima vya maji, akiwa na daftari. Jioni anaandika ripoti. Kijana mmoja aliyesoma sosholojia alituletea kurasa kumi na moja juu ya ugomvi wa pompi ya maji, zikiwa na majina ya wanafalsafa wa Ulaya. Tulimuuliza: "Ufunguo wa pompi anao nani?" Hakujua. Akarudi kesho yake. Ripoti ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake mlikuwa na jina la mwenye ufunguo, saa za kufungua, na kwa nini akina mama wa upande mmoja walikuwa wanafika wakakuta pompi imefungwa. Kwa ripoti hiyo baraza liliweza kufanya kazi.

Kila Ijumaa kijana anakaa na mlezi wake nusu saa. Maswali ni yaleyale: umefanya nini, nini kimekushinda, wiki ijayo utafanya nini. Tumejifunza kwamba mlezi asiwe mkubwa wake wa kazi, kwa sababu mtu hamwambii mkubwa wake kilichomshinda. Tulilijua hilo kwa kukosea. Mwaka wa kwanza tulimpokea msichana mwenye akili sana, tukamwacha miezi sita akiandika orodha za mahudhurio, kwa kuwa aliziandika vizuri na hakulalamika. Alitoka kwetu akiwa na mwandiko mzuri tu. Lile lilikuwa kosa letu, na tangu hapo mpango wa kazi wa kila kijana unaandikwa siku ya kwanza.

Nani anachaguliwa?

Hapa tunaomba viongozi wasome kwa utulivu.

Nafasi za mafunzo ni chache. Mahali ambapo watu wamepigana, nafasi chache zinahesabiwa: wangapi ni Waluba, wangapi ni Watwa, wangapi ni wenyeji wa mji, wangapi ni wahamaji. Shirika linaweza kusema kwa moyo safi, "Sisi tunatazama diploma tu." Lakini Watwa wachache sana wamefika chuo kikuu, na wanaijua vizuri sababu: shule iko mbali, karo haipatikani, na mtoto darasani hutukanwa kwa kabila lake. Ukitazama diploma tu, umekwisha kuchagua kabila kabla ya kufungua bahasha ya kwanza. Na kama utawaingiza bila kueleza chochote, wale wenye diploma watasema wameonewa. Pande zote mbili zitakuwa na neno la kwenda kusema kijijini.

Sisi tumefungua milango miwili. Mmoja ni wa wahitimu. Wa pili ni wa wasaidizi wa jamii, ambao wanatakiwa kujua kusoma, kuandika na kuaminiwa na watu wao. Kisha tunawaweka wawili wawili, mhitimu pamoja na msaidizi, mara nyingi Mluba na Mtwa. Mhitimu anamfundisha mwenzake kupanga ripoti. Msaidizi anamfundisha njia za kuingia vijijini, nani asalimiwe kwanza, na neno gani lisitamkwe. Si kila jozi inaelewana. Wawili walikaa wiki tatu bila kusemezana ila mbele ya mlezi, na ikabidi tuwabadilishe.

Jambo lingine ni tangazo lenyewe. Likibandikwa kwenye valve ya ofisi mjini kwa siku tano, kijana wa kambini analisikia siku ya sita. Libandikwe kambini, kanisani, msikitini na karibu na kisima. Lisomwe redioni kwa Kiswahili. Lipewe wiki mbili. Kila barua inayopokelewa iandikwe kwenye daftari kwa namba, na mwenye barua apewe namba yake. Siku moja vijana walifika mbele ya ofisi yetu wakiwa na hasira, wakisema majina yalikwisha kupangwa. Tuliwafungulia daftari, wakasoma namba na sababu moja baada ya nyingine. Watatu walionyesha kosa la kweli na tukalisahihisha. Waliobaki waliondoka, hawakufurahi, lakini mawe waliyaacha chini.

Kwa mashefu na viongozi wa kambi tunasema kwa heshima: msitutumie orodha ya watoto wa kaka na dada. Tutumieni mtu mmoja wa kukaa kando na kutazama tunavyochagua.

Mitego

Nafasi ya mafunzo hailipiwi. Anayedai dola za kuandikisha jina ni mwizi, hata kama amevaa gileti ya shirika. Vilevile jihadharini na ile inayoitwa "opération retour": unapewa kazi kwa masharti kwamba kila mwezi sehemu ya posho itarudi kwa aliyekuingiza. Kijana anayekubali mara ya kwanza hawezi tena kusema, kwa kuwa naye ameshiriki.

Mtego mbaya kuliko yote ni ule wa mwili. Wakati wa Ebola huku mashariki, kati ya 2018 na 2020, wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la kulala na wanaume wenye vyeo. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021 na kutaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wafanyakazi wa shirika hilo lenyewe. Wazazi, binti akirudi nyumbani na kusema hataki tena kwenda kazini, msimwambie avumilie kwa sababu familia ina njaa. Mwulizeni polepole. Kila shirika linatakiwa kuwa na njia ya malalamiko ambayo haipitii kwa mkubwa wa kazi. Ulizeni njia hiyo siku ya kwanza, kabla haijahitajika.

Pa kuanzia

Kijana aende ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, achukue kadi ya mtafuta kazi. Matangazo mengi yanaidai. Aliyepoteza karatasi wakati wa kukimbia aanze na cheti cha kupoteza vitambulisho kutoka kwa serikali ya mahali, kisha aandikie shule au chuo alikosoma aombe nakala ya matokeo yake. Inachukua muda, basi asingoje tangazo litoke.

Mwenye simu na intaneti kidogo anaweza kusoma bure kozi za Kifaransa za kazi za misaada kwenye jukwaa la Kaya, na kujiandikisha kwa Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa (UNV), ambao wana nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26 zisizodai uzoefu mrefu. Anayetaka ufundi wa mikono aulize INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Tusidharau ufundi: tunamfahamu mwenye licence anayetengeneza injini za mitumbwi kando ya ziwa, na hajawahi kutuomba kazi.

Na siku ya mwisho ya mafunzo, kijana asitoke bila cheti chenye muhuri, kinachosema tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kazi alizofanya hasa. Cheti kinachosema tu "alikuwa mtu wa tabia njema" akirudishe, aombe kingine.