Jumbe: cheo cha enzi na ardhi ya Mzizima

jumbe *nm* ma- [a-/wa-] 1. mtawala wa mji au eneo katika pwani ya Mrima. 2. (enzi ya ukoloni) mkuu wa kijiji aliye chini ya akida.

Maana hizi mbili zinakaribiana katika kamusi, lakini katika historia zimetengana sana. Jumbe wa kwanza alitawala kwa nasaba; wa pili aliteuliwa na serikali. Wa kwanza aliweza kumpa mgeni mahali pa kulima. Wa pili alikusanya kodi katika ardhi ambayo haikuwa tena chini ya amri yake. Mfasiri asiyetazama tarehe ya hati anaweza kumshusha mtawala akawa karani, au kumpandisha karani akawa mwenye nchi.

Majumbe wa Mrima

Kabla ya Dar es Salaam kuwa mji, palikuwa na vijiji vya Washomvi, miongoni mwavyo Mzizima, Kunduchi na Mbwamaji. Washomvi walijinasibisha na Barawa, na viongozi wao waliitwa majumbe au madiwani. Chini yao palikuwa na vyeo vingine, kama vile shaha, waziri na amiri. Kuzaliwa katika ukoo wa enzi hakukutosha kumfanya mtu kuwa jumbe. Alipaswa kutoa ada kwa majumbe waliomtangulia, kufanya karamu na kuvishwa kilemba mbele ya watu.

Barani, nyuma ya vijiji hivyo, walikaa Wazaramo, ambao viongozi wao waliitwa Pazi. Simulizi za pwani husema kwamba Pazi Kilama aliwasaidia Washomvi kuwafukuza Wakamba waliowavamia, na kwa sababu hiyo majumbe wakawajibika kumpa Pazi fungu lake. Kwa hiyo jumbe alipokea haki na kutoa haki. Mamlaka yake juu ya nchi yalisimama juu ya mapatano.

Aidha, jumbe hakumiliki ardhi kwa namna ambayo mtu humiliki kiwanja leo. Alikuwa na neno la mwisho kuhusu nani akae na nani alime. Mnazi, kwa desturi ya pwani, ulikuwa mali ya aliyeupanda, nao uliweza kuuzwa au kurithiwa mbali na ardhi uliposimama. Katika maandiko ya zamani, usemi kama *mwenye mji* hubeba maana ya heshima na mamlaka, si lazima umiliki.

Kutoka Seyyid Majid hadi Kariakoo

Seyyid Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, hakukuta ardhi isiyo na wenyewe. Baada ya kifo chake mwaka 1870, ndugu yake Barghash aliuacha mji ukadorora. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa mark milioni 4 ili kukabidhiwa pwani, na mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu badala ya Bagamoyo.

Pigo kubwa lilikuja na amri ya mwaka 1895, iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe aliyethibitika ni mali ya dola ya Ujerumani. Sheria hiyo ilitaka uthibitisho wa umiliki. Jumbe alikuwa na ushahidi wa utawala. Pengo kati ya mambo hayo mawili ndimo enzi yake ilimozama. Cheo chenyewe kilibaki, kikawa ngazi ya chini ya serikali: liwali, akida, kisha jumbe. Kikapelekwa hata bara, mahali ambapo jumbe wa Kishomvi hakuwahi kutawala.

Kariakoo ni mfano wa mabadiliko hayo. Palikuwa shamba la minazi lililoingia mikononi mwa Mjerumani. Serikali ikalinunua ili kuanzisha mtaa wa Waafrika, na Waingereza wakapafanya kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, ambayo jina lake likatamkwa Kariakoo. Upanga, kwa upande wake, jina la Tambaza, ukoo wa majumbe, limebaki katika shule ya sekondari.

Matumizi ya leo

Utemi na vyeo vya jadi viliondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1963. *Diwani* amekuwa mwakilishi wa kata anayechaguliwa kwa kura. *Jumbe* limebaki hasa kama jina la mtu, kama katika Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar kuanzia 1972 hadi 1984. Yafaa kutochanganya maumbo haya:

- jumbe / majumbe [a-/wa-]: mtawala. *Majumbe wetu walikutana Mzizima.*
- mjumbe / wajumbe [a-/wa-]: aliyetumwa, mwakilishi au mwanachama wa kikao. *Wajumbe wa kamati wamefika.*
- ujumbe / jumbe [u-/zi-]: habari iliyotumwa. *Jumbe zetu zimefika.* Neno *ujumbe* huweza pia kumaanisha kundi la wajumbe na, katika maandiko ya zamani, cheo cha jumbe.

Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha *jumbe wetu* (mtawala) na *jumbe zetu* (habari).

Tofauti hii ina uzito nje ya darasa pia. Mjumbe wa nyumba kumi, anayeitwa kushuhudia mauziano ya kiwanja, hutoa ushahidi tu, hagawi ardhi. Jumbe katika simulizi ya mwaka 1860 aligawa. Jumbe katika hati ya mwaka 1900 huenda alitia alama yake kwa niaba ya serikali. Kwa hiyo mfasiri wa hati za ardhi abakize neno *jumbe* kama lilivyo, kisha aeleze mamlaka ya aliyetajwa kulingana na mwaka wa hati. Akiandika “chifu” kila mahali, atakuwa amefuta swali ambalo warithi wa mashamba hayo wangetaka lijibiwe: aliyetia alama alikuwa anatoa kilicho chake, au alikuwa anatekeleza amri?