Kabla ya Kumwita Fundi: Nyumba ya Wazee na Haki Zilizomo Ndani Yake

Mvua za masika zinapokatika, nyumba hutoa siri zake. Ukuta uliopakwa rangi mwaka jana huota malengelenge, dari huchorwa mabaka ya maji, na mlango uliokuwa ukifungika kwa kidole huhitaji kusukumwa kwa bega. Ndipo familia nyingi za pwani yetu zinapokaa baada ya sala ya isha kuzungumzia matengenezo. Mara nyingi mazungumzo hayo huanzia kwenye rangi, vigae na kabati za jikoni. Makala haya yanapendekeza yaanzie kwingine: kwanza haki, pili maji, tatu watu wanaoishi humo, na mapambo yaje mwisho.

Nyumba ni ya nani?

Katika mitaa ya kale ya Mombasa, Malindi na Lamu, nyumba nyingi ni za urithi ambao haujagawanywa. Tuchukue mfano. Mzee amefariki, wazazi wake wametangulia mbele ya haki, naye ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Yakisha kutolewa mazishi, madeni na wasia, mke hupata thumni, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume akichukua mafungu mawili ya mwanamke. Tukiifanya nyumba kuwa sehemu 40, mama ana 5, kila mwana ana 14, na binti ana 7. Binti huyo hata akiwa ameolewa mji wa mbali na halali humo usiku mmoja kwa mwaka, sehemu zake 7 zimo katika kila jiwe.

Sasa kaka mkubwa akiongeza ghorofa kwa fedha zake bila kushauriana, nia yake huenda ikawa njema kabisa. Lakini baada ya miaka kumi, atakapotaka kupangisha au kuuza, itaulizwa: ghorofa hii ni yake peke yake, au imeingia katika urithi? Swali hilo likiulizwa mapema hujibiwa kwa kikombe cha kahawa. Likicheleweshwa hukata udugu. Warithi wote na wakusanywe, waliosafiri wapigiwe simu, na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi. Wasipoafikiana, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi mamlaka ya kusikiliza mambo ya mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa humo.

Yuko na mwingine ambaye haki yake husahauliwa, naye ni mke anayeuza bangili zake ili nyumba ya mumewe ipate paa jipya. Katika sheria yetu mali ya mke ni yake. Kwa hiyo isemwe wazi fedha hizo zimetolewa kwa njia gani: ni zawadi, ni deni, au ni ushirika? Ikiwa ni deni, aya ya 282 ya Surat al-Baqara imekwisha kutuelekeza kuliandika. Kuandika si kutoaminiana. Ni kumhifadhi mtu siku ambayo mwenzake hayupo tena kusema.

Maji kwanza, rangi baadaye

Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashika kwa chokaa, na wakaezeka sakafu za juu kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, kiasi cha mita 3 au pungufu. Nyumba ya namna hii ina adui mmoja mkubwa, nayo ni maji yasiyo na njia ya kutoka.

Jiwe la matumbawe hunywa unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake. Lipu ya chokaa huuruhusu unyevu huo kutoka polepole, na ukuta ukakauka. Ukiufunika ukuta huo kwa lipu nzito ya saruji, au kwa rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, ikaisukuma, na baada ya misimu michache lipu humomonyoka pamoja na uso wa jiwe. Fundi akiongeza saruji juu ya saruji, ugonjwa umefunikwa tu. Ukuta wa kale ukarabatiwe kwa chokaa, ijapokuwa kazi yake huhitaji subira.

Kabla ya kugusa ukuta, angalia juu. Je, mlizamu umeziba? Je, bati limetoboka penye msumari? Ncha ya boriti iliyozama ukutani ndiyo huoza kwanza, kwa kuwa haionekani na haipati hewa. Mwambie fundi aichome kwa bisibisi. Ikizama kama katika mkate, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya jambo jingine lolote. Wanunuapo mabati, wengi huuliza bei na kusahau geji. Kumbuka kwamba namba ikiwa ndogo bati huwa nene: geji 28 ni nene kuliko geji 32, na hewa ya chumvi huyala upesi mabati membamba.

Maji hayo hayo yanaweza kuwa neema. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 600, ingawa kidogo hupotea njiani. Tahadhari iwe kwa tangi lenyewe: lita 1,000 za maji ni tani nzima, uzito wa watu wazima zaidi ya kumi waliosimama mahali pamoja. Tangi hilo lisiwekwe juu ya boriti za kale. Litengenezewe nguzo zake au likae chini.

Watu waliomo ndani

Baada ya paa na kuta, tazama nani anaishi humo. Vigae vinavyong'aa hupendeza sebuleni, lakini penye maji humwangusha mama mzee. Bafuni na mahali pa udhu chagua vigae vyenye uso wa kukwaruza, na utie chuma cha kushikilia kando ya choo. Mlango wa choo ukipanuliwa kufikia sentimita 90, kigari cha mgonjwa kitapita siku kitakapohitajika. Kazi hizi ni nafuu ukuta ukiwa umekwisha kubomolewa, na ghali ukilazimika kubomoa tena.

Jikoni, ambako mwanamke hukaa saa nyingi, panahitaji hewa kabla ya kabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini. Kwa hiyo dirisha la juu pekee halitoshi. Pawe na tundu la hewa karibu na sakafu. Na dirisha jipya lolote lipimwe kwa macho ya jirani: je, litatazama uwanda wake? Sitara ya jirani ni haki yake, na dirisha lililoinuliwa kidogo huleta upepo wa kusi bila kuvunja heshima ya mtu.

Mipaka ya mfuko

Walio katika maeneo yaliyohifadhiwa, kama Mji Mkongwe wa Lamu uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, wapate idhini kabla ya kubomoa. Fundi alipwe kwa hatua, kila hatua ikikaguliwa, wala asipewe fedha zote siku ya kwanza. Anayehitaji mkopo asikimbilie riba. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata misingi ya sharia, ambazo huweza kukununulia vifaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, ukalipa kidogo kidogo. Uliza bei kamili kabla ya kutia saini.

Mwisho, tofautisha haja na fahari. Israfu haianzi kwenye nyumba kubwa. Huanzia pale sebule inapotiwa dari ya nakshi ilhali paa linavuja chumbani kwa watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa wa baina ya ndugu ni mgumu kuzibika kuliko wa mawe. Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe makazi ya utulivu, na azijaalie baraka kwa wote wenye haki ndani yake.